Amplifaya ya Valvu Inayoongea Puani: Kapasita, Mrejesho Hasi, Triodi au Transfoma Mpya?

Mzee mmoja wa Igogo, hapa Mwanza, aliniletea redio-gramu (redio na kicheza santuri katika kabati moja) ya marehemu baba yake ikiwa imefunikwa kitenge juu ya guta. “Mwanangu,” aliniambia, “hii ilikuwa ikipiga ngoma za Bugobogobo mpaka vikombe vinagongana kabatini. Sasa inaongea puani.” Nilimjibu, “Niachie, baba, nitaiangalia,” na tangu siku hiyo sijapata maelezo mazuri kuliko hayo ya amplifaya iliyopoteza ncha zote mbili za masafa. Besi imekatika, sauti za juu zimefifia, na kilichobaki ni katikati peke yake, mahali ambapo mtangazaji husikika vizuri lakini ngoma na filimbi hazisikiki.

Anayetaka kuirudishia amplifaya ya valvu, yaani ile inayokuza sauti kwa taa za kioo badala ya transista, masafa yake ana njia nne kuu: kurekebisha kapasita na thamani ndogondogo za sakiti, kufunga mrejesho hasi (kurudisha mwanzoni sehemu ndogo ya sauti inayotoka), kuiunganisha valvu ya mwisho kama triodi, yaani valvu ya elektrodi tatu, au kubadilisha transfoma ya spika, ile inayounganisha valvu na spika. Kila moja ina watetezi wake, na mara nyingi watetezi hao hubishana bila kuelewana kwa sababu kila mmoja anazungumzia amplifaya iliyougua ugonjwa tofauti. Nia yangu hapa ni kuziweka njia hizo mbele ya mizani moja, ili msomaji aliyesimama njia panda ajue ipi inafaa chombo alicho nacho mezani.

Vigezo vya kulinganishia

Mwitikio wa masafa ni jinsi ukuzaji unavyobaki sawa kuanzia sauti nene kabisa hadi nyembamba kabisa. Kwa desturi ya ufundi, mpaka wake huwekwa pale ambapo volti zinazotoka zimeshuka hadi asilimia 70 hivi ya zile za katikati, yaani desibeli 3 chini, ambapo nguvu imebaki nusu. Kila njia nitaiuliza maswali yale yale matano: inasaidia besi, sauti za juu, au zote mbili, inachukua nini kama malipo, iwe nguvu au ukuzaji, inagharimu kiasi gani na vipuri vyake vinapatikana vipi hapa Mwanza, inaweza kuharibu nini, na inadai vifaa na ustadi gani.

Kabla ya kujibu maswali hayo ni lazima kupima, kwa sababu sikio peke yake haliwezi kukuambia masafa yamepotelea hatua ipi. Simu yenye programu ya kutoa milio ya masafa maalumu inatosha kuwa chanzo, na rezista ya omu 8 yenye uwezo wa wati 10 inatosha kukaa mahali pa spika. Weka mlio wa hezi 1,000 hadi upate volti 2.83 kwenye rezista hiyo, ambazo ni wati 1, kisha shuka hadi hezi 40 na upande hadi kilohezi 15 bila kugusa kitasa cha sauti. Kuna mtego mmoja ambao umewapotosha wengi. Mita nyingi za bei nafuu hupima volti za AC kwa uhakika hadi hezi 400 hivi tu, na ukiiamini mita ya namna hiyo kwenye kilohezi 10 utaambiwa amplifaya haina sauti za juu, kumbe mita ndiyo isiyosikia. Dawa yake ni diodi ndogo ya 1N4148 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 zinazogeuza kilele cha wimbi kuwa DC. Soma DC hiyo, ongeza volti 0.6 zinazoliwa na diodi, na utakuwa na kipimo cha kulinganisha masafa yote. Kumbuka tu kwamba sasa unasoma kilele, kwa hiyo zile volti 2.83 zitaonekana kama volti 4.

Ndani ya vyombo hivi mna volti 250 na zaidi, nazo hubaki kwenye kapasita za kuchuja hata baada ya kuchomoa plagi. Zimalizwe kwa rezista, kisha mita ithibitishe kwamba zimekwisha, ndipo mkono uingie. Redio ambazo nyuzi za joto za valvu zake zimeungwa kwa mfululizo bila transfoma ya umeme zinaweza kuwa na chasisi iliyounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, na hizo kamwe usiziunganishe na simu bila transfoma ya kutenganisha. Vilevile, amplifaya ya valvu isiwashwe na kupigwa bila spika au rezista yake, kwa kuwa transfoma ya spika inaweza kupasuka kinga za waya zake.

Njia ya kwanza: kapasita na thamani ndogondogo

Njia hii husaidia ncha zote mbili, na ndiyo ninayoianza nayo karibu kila mara, hasa kwenye vyombo vilivyokaa miaka mingi pwani ya ziwa. Kapasita za zamani za karatasi na nta hunyonya unyevu, na hewa ya hapa haina upungufu wa unyevu. Katika redio-gramu ya yule mzee, kapasita iliyounganisha hatua ya kwanza na EL84, valvu ya mwisho inayosukuma spika, ilikuwa imevuja nta hadi kwenye soketi, na nta hiyo ilikuwa imenasa tabaka la wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku. Gridi ya EL84, elektrodi inayopokea sauti na ambayo ilipaswa kuwa kwenye volti sifuri, ilikuwa na volti 4 chanya. Hapo tatizo si besi peke yake, kwa sababu valvu hulazimishwa kupitisha mkondo kupita kiasi na huchakaa kabla ya wakati wake.

Hesabu ya besi ni nyepesi. Kapasita ya mikrofaradi 0.01 ikifuatiwa na rezista ya gridi ya kilo-omu 470 huanza kukata kwenye hezi 34 hivi, ukiweka 0.022 mpaka unashuka hadi hezi 15. Kapasita ya kathodi, elektrodi inayotoa elektroni, nayo hufanya kazi ambayo wengi huisahau. EL84 yenye rezista ya kathodi ya omu 135 na kapasita ya mikrofaradi 50 huanza kupoteza ukuzaji kwenye hezi 60 hivi, na kapasita hiyo ikikauka, besi yote hupungua pamoja na sauti kwa jumla. Mikrofaradi 220 huusogeza mpaka huo hadi karibu hezi 15. Kapasita za aina hii zimo katika kila duka la vipuri vya redio, na hata ndani ya vyombo vilivyokufa, ingawa zilizotolewa huko zinahitaji kupimwa kwanza.

Upande wa sauti za juu ndipo penye jambo ambalo ningependa kila fundi kijana alielewe, kwa kuwa linaweza kurekebishwa kwa kipuri kimoja. ECC83, valvu ndogo ya triodi ya hatua ya kwanza, ina kapasitansi ya takriban pikofaradi 1.6 kati ya anodi, mahali inapotokea sauti iliyokuzwa, na gridi. Ni ndogo mno, lakini valvu ikikuza mara 60, gridi huihisi kama imezidishwa mara 61. Hii ndiyo athari iliyopewa jina la John Miller, aliyeieleza mwanzoni mwa karne ya 20. Gridi sasa inaonekana kama kapasita ya pikofaradi 100. Ikiwa potenshometa ya sauti, yaani kile kitasa cha sauti, ni ya megaomu 1, kama ilivyo katika redio nyingi za zamani, na imewekwa katikati ya ukinzani wake, chanzo kinachoilisha gridi hiyo ni sawa na kilo-omu 250, na sauti za juu zinaanza kukatika kwenye kilohezi 6.4. Weka potenshometa ya kilo-omu 100 na mpaka huo unahamia kilohezi 64. Lakini hili lifanywe kwa anayesikiliza kupitia simu au kicheza sauti cha kisasa tu. Kichwa cha santuri cha fuwele kinahitaji mzigo mkubwa, na kikipewa kilo-omu 100 kitapoteza besi. Diodi ya redio nayo italemewa na kuchafua sauti.

Malipo ya njia hii ni karibu hakuna: hupotezi nguvu wala ukuzaji. Gharama ni ndogo kuliko zote, ustadi unaohitajika ni wa kulehemu na kusoma sakiti, na kosa linaweza kurudishwa nyuma. Hatari yake ni tamaa. Mtu akishaona besi imeshuka kwa kapasita kubwa kidogo, huweka kubwa zaidi, na hapo transfoma ndogo ya spika hulishwa masafa isiyoyaweza, chuma chake kinashiba, yaani hakiwezi kubeba sumaku zaidi, na sauti yote inakwaruza kila ngoma inapopigwa.

Njia ya pili: mrejesho hasi

Harold Black, mhandisi wa simu wa Marekani, alilipata wazo hili Agosti 1927 akiwa kwenye kivuko, akivuka mto Hudson kwenda kazini New York, na akaliandika juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Kwa sisi tuliozoea kukaa kwenye kivuko cha Kamanga tukitazama Mwanza ikisogea, si vigumu kuiwazia asubuhi hiyo. Wazo lenyewe ni kuchukua sehemu ndogo ya sauti inayotoka, kuirudisha mwanzoni ikiwa imegeuzwa, na kuiacha amplifaya ijisahihishe. Masafa yaliyopungua hurudishwa kidogo, kwa hiyo husahihishwa kidogo, na yale ya katikati yaliyozidi hushushwa. Matokeo ni mstari ulionyooka.

Husaidia ncha zote mbili kwa pamoja, na pia hupunguza uchafu wa sauti. Malipo yake ni ukuzaji: mrejesho wa desibeli 6 huugawa kwa 2, na wa desibeli 20 huugawa kwa 10. Hapa wenye simu wana bahati. EL84 moja inahitaji volti 4.3 hivi kwenye gridi ili itoe nguvu yake yote, na triodi iliyo mbele yake ikikuza mara 55, milivolti 80 zinatosha mwanzoni. Simu nyingi hutoa milivolti 500 au zaidi. Ziada hiyo ilikuwa inapotea bure kwenye potenshometa, na unaweza kuinunulia mrejesho wa desibeli 12 bila kuona upungufu wa sauti. Kwa mwenye kichwa cha santuri chenye volti chache, hesabu haitakuwa ya ukarimu namna hiyo.

Kuna faida nyingine ambayo vipimo kwenye rezista havionyeshi. Spika halisi si rezista. Ukinzani wake hupanda sana kwenye masafa inayopenda kutikisika yenyewe, na hupanda tena kwenye sauti za juu. Pentodi, yaani valvu ya elektrodi tano kama EL84, isipokuwa na mrejesho huifuata spika katika kupanda huko, hivyo besi huwa ya mlio mmoja unaovuma, kila noti ya gitaa la besi ikifanana na jirani yake. Mrejesho huishika spika. Nimesikia tofauti hii kwenye chombo kimoja ndani ya dakika mbili, nikiunganisha na kuachanisha rezista moja, na ilikuwa kubwa kuliko tofauti yoyote niliyowahi kuipata kwa kubadilisha valvu.

Kwa gharama, hii ni rezista moja au mbili na labda kapasita ndogo, kwa hiyo vipuri havina shida. Shida ni hatari na vifaa. Kila kapasita na transfoma katika njia ya sauti huchelewesha wimbi, na kwenye ncha za masafa uchelewaji unaweza kukusanyika hadi mrejesho uliokusudiwa kuwa hasi ukawa chanya. Hapo amplifaya hujiimbia yenyewe: ama hupiga mdundo wa taratibu kama injini ya mtumbwi, ama hutoa mlio wa juu usiosikika unaoichemsha valvu kimyakimya. Ukiunganisha waya wa mrejesho kwenye ncha isiyo sahihi ya transfoma italia papo hapo, na hilo ni kosa jepesi, kwani unabadilisha ncha na mambo yanatulia. Ni ule mlio usiosikika unaohitaji oskilosikopu, kifaa kinachoonyesha umbo la wimbi, na mawimbi ya mraba ili kuuona, kisha kuudhibiti kwa kapasita ndogo sambamba na rezista ya mrejesho. Asiye na oskilosikopu asivuke desibeli 6 hadi 10. Kufika desibeli 20 kunadai transfoma bora. Amplifaya ya Williamson, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1947 ikiwa na mrejesho wa kiasi hicho, ilitaka transfoma yenye indaktansi (uwezo wa nyuzi zake kupinga mabadiliko ya mkondo) isiyopungua henri 100 upande wa anodi. Na hakuna mrejesho unaoweza kuondoa kushiba kwa chuma: kwa sauti ndogo vipimo vitapendeza, lakini ukiongeza sauti kwenye besi, chuma kidogo kitabaki kidogo.

Njia ya tatu: kuiunganisha valvu ya mwisho kama triodi

Unaiondoa skrini, yaani gridi ya pili ya pentodi, kwenye laini yake ya umeme na kuiunganisha na anodi kupitia rezista ya omu 100. Ni kazi ya dakika kumi, na inarudishwa nyuma kwa dakika kumi nyingine.

Husaidia zaidi besi, na namba zake zinafurahisha. EL84 ikiwa pentodi ina ukinzani wa ndani wa kilo-omu 38 hivi. Ikiwa triodi, kilo-omu 2 hivi. Transfoma ya henri 10 na mzigo wa kilo-omu 5.2 ikiwa na pentodi hupoteza besi kuanzia hezi 73. Transfoma ileile, bila kuguswa, ikiwa na triodi hufika hezi 23. Spika nayo inashikwa vizuri zaidi, bila hofu ya amplifaya kujiimbia. Upande wa sauti za juu faida ni ndogo, kwani kapasitansi kwenye gridi ya valvu hiyo huongezeka, ingawa ECC83 inayoilisha kwa kawaida huimudu.

Malipo ni makubwa: wati 5.7 za EL84 moja hushuka chini ya wati 2. Kwa sebule tulivu ya Capri Point jioni, wati 2 na spika nyepesi kuendeshwa zinatosha kusikiliza muziki kwa raha. Kwa ukumbi, au nyumba iliyo karibu na barabara yenye bodaboda usiku kucha, hazitoshi. Hakikisha pia umeme wa skrini hauzidi kikomo chake, ambacho kwa EL84 ni volti 300, na huenda rezista ya kathodi ikahitaji kuongezwa. Ipo njia ya kati, ambayo wahandisi David Hafler na Herbert Keroes waliieneza mwaka 1951, ya kuiunga skrini kwenye tawi la transfoma lililo karibu asilimia 43 ya mizunguko. Inahifadhi sehemu kubwa ya nguvu, lakini bila tawi hilo kwenye transfoma yako haifanyiki.

Njia ya nne: transfoma mpya ya spika

Hapa ndipo penye kikomo halisi cha vyombo vingi vya valvu. Indaktansi ya upande wa anodi huamua besi itafika wapi, na jinsi nyuzi zilivyosukwa kwa kupishana huamua sauti za juu zitafika wapi, kwa sababu mvujo wa sumaku kati ya pande mbili huzikata. Transfoma nzuri husaidia ncha zote mbili, haidai ukuzaji wala nguvu, na ndiyo pekee kati ya njia hizi inayotoa besi kwa sauti kubwa, kwa kuwa inaongeza chuma chenyewe.

Gharama yake inapita njia nyingine zote zikijumlishwa, na mara nyingi huagizwa kutoka mbali na kulipiwa uzito. Mafundi wetu wanaosuka mota wanaweza kusuka transfoma, na nimeona kazi zao safi, lakini waelezwe mambo mawili ambayo mota haiyadai. Upande wa spika ugawanywe na kupishanishwa na wa anodi. Na kwa amplifaya ya valvu moja ya mwisho, chuma kiachiwe mwanya wa karatasi, kwani mkondo wa DC unaopita humo bila kusawazishwa hukishibisha chuma kisicho na mwanya. Ndiyo maana kuweka transfoma ya kawaida ya umeme mahali pa ile ya spika huwakatisha watu tamaa. Hatari nyingine ni nafasi kwenye chasisi na kinga ya waya dhidi ya volti za juu. Kurudisha nyuma kunawezekana ikiwa ile ya zamani hukuitupa, nami nasihi isitupwe.

Kuchagua kwa hali yako

Chombo kilichokaa miaka bila kufunguliwa kianze na njia ya kwanza, iwe nyingine zitafuata au la, kwa sababu mrejesho uliofungwa juu ya kapasita inayovuja unasahihisha uongo.

Anayesikiliza redio ya masafa ya kati peke yake hana sababu ya kugharimia sauti za juu. Matangazo hayo hupangwa kilohezi 9 kutoka kituo hadi kituo, na sauti inayofika nyumbani haivuki sana kilohezi 4.5. Besi ndiyo ya kushughulikiwa. Msikilizaji wa FM, inayobeba hadi kilohezi 15, au wa simu, atanufaika na potenshometa ndogo na mrejesho wa wastani.

Ukiwa na pentodi moja, spika nzuri na chumba kidogo, jaribu triodi kabla ya kununua chochote. Ikiwa sauti haitoshi, rudisha skrini mahali pake na ufunge mrejesho wa desibeli 6. Ukiwa na oskilosikopu na subira, mrejesho utakupa mengi kwa fedha kidogo, mradi usibadilishe kapasita za amplifaya ambayo tayari ina mrejesho wa kiwandani bila kukagua tena utulivu wake.

Kwa valvu mbili zinazosukumana kwenye ukumbi wa kwaya, ambako nguvu haiwezi kupunguzwa, fedha ziwekwe kwenye transfoma, na mrejesho ufungwe baada yake. Kwanza, hata hivyo, ipimwe spika: kama yenyewe haishuki chini ya hezi 80, transfoma ya henri 100 haitasikika.

Redio-gramu ya yule mzee ilihitaji kapasita tano na mrejesho wa desibeli 6 tu. Potenshometa ya megaomu 1 niliiacha kwa sababu bado anapiga santuri, na kichwa chake ni cha fuwele.